Mto Upande wa Kulia

"Asiguse mtu," alisema Virgil Polius, mkono kaunyoosha kuziba mlango. "Hapa pametendeka uhalifu. Mimi ndiye polisi."

Inspekta Eudoxie Montoute alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kofia ilikuwa ya polisi kweli, ila ya enzi za gavana. Nishani za kifuani zilikatwa kwenye kopo la maziwa, na begani ameshonewa ua dogo la buluu. Katika Chama cha Margriti kila mtu ana cheo: yupo mfalme, yupo malkia, jaji, daktari, wauguzi, na polisi wa kuwakamata wanaochelewa kuimba. Virgil siku za kazi ni fundi bomba. Cheo cha polisi alikuwa nacho mwaka wa tisa sasa, na hakuna aliyewahi kupata moyo wa kumkumbusha kwamba ni mchezo.

"Umefanya vizuri, afande," Inspekta akamwambia. "Sasa nipishe na mimi nifanye ya kwangu."

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, na Inspekta hakuwa na subira hata ya kijiko kimoja. Kesho saa tatu mahakama ya Castries ingekaa kusikiliza kesi ya Mama Dora Lubin dhidi ya hoteli, na kitu pekee ambacho jaji alikitaka mezani kilikuwa kimepotea. Simu ya kwanza ilipigwa kituoni jana asubuhi. Kituo kikaona ramani kuukuu ya ukutani si jambo la kumharibia mtu Jumamosi yake, hivyo faili likamfikia leo, likiwa limebakiza saa ishirini na tatu.

Ndani ya ukumbi wa chama, fremu ilikuwa imelazwa juu ya meza. Kioo kizima, mbao nzima, karatasi hakuna. Ubao wa nyuma ulitolewa taratibu, na vimisumari vyake kumi na viwili vilipangwa dirishani kwa mstari. Katikati ya kioo kulikuwa na waridi jekundu la karatasi.

"Waridi wametuibia," alisema Virgil. "Sahihi yao hiyo hapo."

Wenzake sita waliosimama nyuma wakaguna kukubali. Asiyekijua kisiwa hiki aelewe hivi tu: mtu huzaliwa katika Waridi au katika Margriti, kama anavyozaliwa na pua yake, na vyama hivi viwili vya nyimbo, kila kimoja na ua lake, vimechokozana tangu mababu wakiwa bado wanakata miwa ya wengine.

"Ramani ilionekana lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa saa kumi na moja jioni. Tulikuwa tunafuta vumbi, maana ilikuwa ichukuliwe leo kupelekwa mahakamani. Nikafunga mwenyewe. Ufunguo ni mmoja, ninao shingoni. Jana asubuhi nafungua, nakuta hivi. Tangu hapo nimelala mlangoni."

"Kuna picha yake?"

"Kila aliyepiga picha alipata kioo kinachong'aa na sura yake mwenyewe."

"Nieleze basi. Ilikuwaje?"

Virgil akavuta pumzi, kwa fahari. "Ya manowari, afande. Mwaka elfu moja mia saba na themanini hivi. Walichora Wafaransa. Waingereza wakaiteka pamoja na meli, wakakata majina ya Kifaransa wakaandika yao. Mfaransa akairudisha, naye akakata. Visiwa vyote vya sukari vimo, na vinu vya miwa vimetiwa alama kimoja kimoja, wajue pa kupora. Sisi hapa tulibadilishiwa bwana mara kumi na nne kwa ajili ya sukari, na leo sukari yenyewe tunanunua dukani. Pembeni kuna kidirisha chenye mchoro wa ghuba yetu peke yake, kwa sababu manowari zilikuja kuchota maji kwenye mto wetu."

Kidirisha hicho ndicho kilichokuwa roho ya Mama Dora. Hati ya babu yake inasema ardhi ya akina Lubin inaanzia mdomo wa mto "kama ulivyo katika ramani ya wanamaji" na kwenda kaskazini. Leo mto unaingia baharini kaskazini mwa Mwamba Mweusi. Wazee husema zamani uliingilia kusini ya mwamba, kimbunga kikauhamisha. Nyumba ya Mama Dora, na makaburi ya watu wake wote, yako katikati hapo. Kama mto ulikuwa kusini, ardhi ni yake. Kama ulikuwa papo hapo siku zote, tingatinga la hoteli lingeingia Jumanne.

"Ua hili ameligusa nani?" Inspekta aliuliza.

Wakatazamana. "Mungu atuepushe," alisema mmoja wa wauguzi, mama mzima mwenye kilemba cheupe. "Mmargriti hagusi waridi. Hata likidondokea kwenye supu yako, unamwaga supu."

Inspekta alikuwa mtu wa Vieux Fort, mji wa mbali, mama yake Mmethodisti asiye na chama, na maua yote kwake yalikuwa maua. Akalichukua kwa vidole vitupu. Nyuma yake watu sita walirudi hatua moja. Karatasi ilikuwa imepauka upande mmoja na ina doa la maji. Kwenye shina la waya palikuwa na alama mbili bapa zinazotazamana, kama zilizobanwa na kitu, na katika moja kulikuwa na unga wa buluu.

Alilitia kwenye bahasha akatoka bila kuaga. Sajini Cletus Biscette akamfuata mbiombio.

"Tunamkamata Mfalme wao, afande?"

"Tunakwenda kumsalimu."

Alcide Charlemagne, Mfalme wa Waridi, alikuwa gatini akipaka rangi mashua yake ya kubebea watalii. Tumbo la mashua lilikuwa jeupe, na ukingo wote, kuanzia mbele hadi nyuma, mwekundu wa waridi, mbichi unang'aa. Alikuwa na shati la misa bado, mikono imekunjwa.

"Umekuja na pingu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja na swali."

"Hilo ndilo baya zaidi. Leo nje ya kanisa wameniita mwizi mbele ya mke wangu na padri. Padri akatazama viatu vyake."

"Ijumaa usiku ulikuwa wapi?"

Alcide akafuta mikono, akaenda kwenye koti lake, akaleta pasipoti. Inspekta alisoma mihuri: ametoka Ijumaa saa tisa alasiri kwenda Martinique, amerudi Jumamosi saa sita mchana. Akaandika namba ya muhuri. Hakuwa amemshuku sana, lakini kazi ni kazi.

Akamkabidhi ua. Alcide alilipokea kwa kiganja kizima, akalinyoosha majani kwa kidole gumba, akalichomeka nyuma ya sikio.

"Hili ni la sikukuu yetu ya Agosti," alisema. "Mke wangu alitengeneza mia tatu, upepo ukapeperusha nusu yake kijiji kizima. Limelala nje miezi miwili, ona lilivyopauka. Mimi nikiacha ua langu kwa adui, nitaacha kuukuu? Hiyo ni kujitukana."

"Na ungetaka kuwaudhi Wamargriti ungefanyaje?"

"Ningeimba. Mwaka juzi nilitunga wimbo wa Virgil na bomba la bafu la padri, mpaka leo watoto wanauimba. Kuiba ramani ni kazi ya mtu asiye na sauti."

Biscette alicheka, kisha akakumbuka mama yake ni Mmargriti, akakohoa.

Inspekta alikuwa anatembea huku na huku kwenye gati, hatua tano kwenda, tano kurudi. Alcide alivyolishika ua ndivyo mtu anavyoshika kitu chake. Aliyeliweka ukumbini alilibana kwa kifaa, kwa mbali, kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Mwenye kinyaa hicho hawezi kuwa Mwaridi. Na mtu wa nje, wa hoteli au mnunuzi wa vitu vya kale, angeona karatasi tu, akaishika. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyetaka kuwasingizia Waridi ni Mmargriti ambaye hata akiiba, hata gizani peke yake, alishindwa kuligusa waridi kwa mkono.

"Virgil anasema ufunguo ni mmoja," alisema.

"Virgil hajawahi kuvishwa taji," Alcide akajibu. "Kila chama kina ufunguo wa pili nyuma ya picha ya mtakatifu wake. Wetu uko nyuma ya Mtakatifu Roza. Wanaambiwa wafalme na malkia tu, siku ya kutawazwa, sikioni."

"Sajini."

Biscette alikwisha kuondoka. Alirudi baada ya dakika kumi, jasho linamtiririka. "Upo, afande. Nyuma ya Mtakatifu Margareta. Fremu ina vumbi la mwaka mzima, isipokuwa vidole vinne chini."

"Waliovishwa taji la Margriti na bado wako hai ni wangapi?"

Alcide alihesabu kwa brashi. "Mfalme wao yuko hospitali, kakatwa kidole cha mguu kwa kisukari. Malkia wao yuko kwa dada yake Fort-de-France, Martinique, tangu Jumatano. Nilimpeleka mwenyewe, hakukuwa na chombo kingine. Alikaa katikati ya mashua, mikono mapajani, saa nzima na nusu, asije akagusa ukingo wangu mwekundu. Mawimbi yalimtupa kama gunia, hakushika popote." Akacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Wa tatu ni malkia wa zamani."

"Nani?"

"Mama Dora."

Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi, ikaanguka juu ya kiatu chake cha misa.

"Haiwezekani," alisema Biscette. "Ramani ni yake kuliko yetu sote. Nani anaiba mwavuli wake mwenyewe mvua ikinyesha?"

"Ndiyo maana hakuna aliyemuuliza," Inspekta akasema, na akawa amekwisha kushuka gatini.

Nyumba ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, mlango unatazama bahari. Uani kulikuwa na kamba ya nguo, tupu kwa sababu ya Jumapili, lakini pegi za mbao zilikuwa zimepangwa juu yake, kama thelathini. Inspekta alichukua moja akaipitisha kidoleni. Kidole kikatoka na buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe.

Mama Dora alikuwa na miaka sabini na minane na mgongo ulionyooka kama wa malkia, awe amevuliwa taji au hajavuliwa. Aliwakaribisha, akawamiminia chai ya kakao yenye mdalasini, akawawekea maandazi. Aliwasimulia mambo ya kanisani. Aliwasimulia magoti yake. Biscette alikula. Inspekta alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Keti, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

"Niko hapa robo saa sasa, Mama," Inspekta alisema. "Hujaniuliza kama nimeipata."

Kikombe cha Mama Dora kilisimama katikati ya njia.

Inspekta akatoa ua, maana alikuwa amemnyang'anya Alcide, akalibana kwa pegi. Meno ya pegi yakakaa juu ya zile alama mbili kama mguu kwenye kiatu chake. Kuona waridi mezani pake, Mama Dora akasogeza kiti nyuma bila kujijua. Kiti kililia sakafuni, na kwa Inspekta hilo lilikuwa jibu tosha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inspekta akapiga goti mlangoni mwa chumba cha kulala. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku moja tu, la kahawia, limefungwa utepe.

"Afande, hilo hapana," Biscette alisema, mdomo una andazi. "Hilo ni la safari yake. Gauni la kuzikiwa, soksi, tasbihi. Mama yangu analo. Linafunguliwa siku moja tu, na mwenyewe hayupo kuona."

"Sitalifungua mimi."

Nje jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Mwishowe Mama Dora aliinuka, akaingia chumbani, akavuta sanduku, akafungua utepe. Kati ya gauni jeupe na soksi kulikuwa na kitu kilichoviringishwa ndani ya mshipi wa buluu wa Margriti.

"Niliiona Ijumaa," alisema. "Miaka yote imekaa juu ukutani, vumbi na kioo, na mimi macho ya mbali sina. Ijumaa wakaishusha tuifute. Nikavaa miwani. Nikaona mwamba, nikaona mto. Mto uko kulia, mwanangu. Kulia kwa mwamba, kama ulivyo leo nikisimama mlangoni hapa. Haukuhama. Babu alitudanganya, au alidanganywa. Hii karatasi inampa mwenye hoteli makaburi yangu, na mimi ndiye niliyemwambia wakili ailete."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ni ya chama." Alisema hivyo kama mtu anayeulizwa kwa nini hakumchoma mtoto. "Nikaona bora nizikwe nayo. Nikawaulize waliochora."

"Na Alcide?"

Mama Dora alitazama sakafu. "Nilidhani Alcide ana mgongo mpana. Waridi hupenda kusemwa. Sikujua watamsema mlangoni mwa kanisa. Nimeona haya tangu asubuhi."

Inspekta aliikunjua ramani juu ya kitanda. Visiwa vilikuwa pale, Martinique, Dominica, hiki chetu, vidogo kama makombo ya mkate, na majina yaliyokatwa na kuandikwa, kukatwa na kuandikwa, wino juu ya wino. Mtu angedhani watoto wanagombea sahani. Kidirisha cha ghuba kilikuwa chini pembeni. Mwamba Mweusi ulichorwa kama jino. Kulia kwake, kweli kabisa, mto.

Aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutulia siku hiyo. Kisha kidole chake kikashuka hadi ukingo wa chini, kwenye kimeli kidogo chenye nanga, na tarakimu za vina vya maji zilizotawanyika kuanzia kwenye meli kwenda ufukweni. Kando kulikuwa na alama ya dira, ile yenye ua la yungiyungi linaloonyesha kaskazini. Yungiyungi lilikuwa limelala, linaelekea kushoto.

"Mama, lini mara ya mwisho ulikuwa majini?"

"Tangu maji yalipomchukua mume wangu Fulgence, sijaweka hata unyayo. Miaka arobaini na moja. Bahari naitazama kutoka mlangoni hapo, basi."

"Vaa viatu."

"Unanikamata?"

"Ripoti nitaiandika yote, nani aliichukua na nani alisingiziwa. Chama chako kinaweza kukuvua nishani."

"Andika," alisema Mama Dora. "Wanivue."

"Lakini kesho wakili wa hoteli atakuuliza wewe, si mimi. Nataka uwe umeona kwa macho yako. Vaa viatu, Mama, muda unakwisha."

Alcide aliwaona wanakuja kuanzia mbali, akasimama gatini mikono kiunoni. Inspekta alimnong'oneza mambo mawili matatu. Alcide akamngoja bibi afike.

"Malkia."

"Mfalme."

"Nasikia nilikuibia."

"Sikukuita mwizi," alisema Mama Dora.

"Hukuniita. Uliacha ua liniite."

Mama Dora alikaza midomo. Watu kadhaa walikuwa wamekwisha kukusanyika, Virgil miongoni mwao na kofia yake. "Alcide Charlemagne hakuiba kitu," akasema kwa sauti ile aliyokuwa akianzishia nyimbo, nao wote wakasikia. "Niliiba mimi. Na ua niliweka mimi. Ananidai radhi, na leo namwomba."

Virgil akavua kofia.

"Panda," Alcide alisema kwa sauti ya chini. "Ukingo usiushike, rangi mbichi."

"Nisingeushika hata ukikauka," alijibu Mama Dora, na Alcide nusura acheke.

Alikaa katikati kabisa, mikono mapajani, ramani ndani ya mfuko wa plastiki juu ya magoti. Mashua ilipoondoka gatini alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda, sala au jina la Fulgence, Inspekta hakuuliza. Wakaenda mita mia mbili, mia tatu, pale ambapo maji yanageuka rangi. Alcide akazima injini, akaigeuza mashua taratibu mpaka pua yake ikatazama nchi kavu.

"Hapa ndipo manowari hutia nanga," alisema. "Zamani na leo. Hakuna pengine penye kina."

"Fungua macho, Mama," alisema Inspekta. "Aliyechora alikaa hapa. Hakuwahi kusimama mlangoni kwako. Niambie mwamba uko wapi."

Mama Dora alifumbua jicho moja, kisha la pili. Nyumba yake ilikuwa ndogo mno, ya kijani, misalaba myeupe nyuma yake. Hakuwahi kuiona hivyo. Alitafuta mwamba, akaupata. Alitafuta mto.

"Uko kushoto," alisema.

Hakuna aliyemsaidia. Aliinua ramani, akaisogeza karibu na miwani, akaishusha, akatazama tena nchi kavu.

"Mto uko kushoto," alirudia. "Karatasi inasema kulia. Kulia ya huku ni kule upande wa mnazi uliovunjika, kusini. Ulikuwa kusini. Umehama. Babu hakudanganya." Akageuka kumtazama Inspekta, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. "Nusura nizikwe nayo, mwanangu. Nyumba yangu nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku nikaifungia utepe."

Wimbi la meli iliyopita mbali likafika wakati huo, likaipiga mashua ubavuni. Biscette aliangukia kwenye kamba. Mama Dora aliyumba upande, ramani kaikumbatia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukatoka mapajani ukashika ukingo, kiganja kizima, vidole vyote vitano.

Wimbi lilipita. Mashua ikatulia.

"Malkia," alisema Alcide kwa upole, "rangi haijakauka."

"Najua," alisema Mama Dora, macho kwenye mto, na mkono hakuuondoa.